"Ni vya asili, havina madhara": kuhusu vidonge vya manjano

Juzi nimeambiwa tena, safari hii na mama anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mkononi ana kopo la kapsuli za manjano zenye pilipili manga, anameza nne kwa siku, na daktari wake hajui. Kisa? "Si dawa."

Unga wa manjano wa jikoni una kukumini, kiambato chake kikuu, kama asilimia 3 tu, na hiyo kidogo utumbo na ini huivunja upesi. Ndiyo maana mchuzi haumdhuru mtu. Kapsuli ni habari nyingine: kukumini imekolezwa, kisha ikaongezwa piperini ya pilipili manga ili ini lishindwe kuivunja haraka. Katika utafiti wa mwaka 1998, miligramu 20 za piperini ziliongeza ufyonzwaji wa kukumini kwa asilimia 2,000. Wateja hufurahia namba hiyo. Mimi hunitisha, kwani piperini haichagui: inaweza kuchelewesha kuvunjwa kwa dawa nyingine unazomeza. New Zealand mwaka 2018 iliripotiwa habari ya mgonjwa wa warfarini ambaye INR yake (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda; kwa mtumiaji wa warfarini kwa kawaida hulengwa 2 hadi 3) ilipanda kupita 10 wiki chache baada ya kuanza bidhaa ya manjano. Hapo damu inaweza kuvuja ubongoni.

Ini lenyewe nalo huumia. Italia, Ufaransa na Australia zimeshatoa tahadhari baada ya watumiaji kupata homa ya ini. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, macho yakiwa ya njano, acha kapsuli siku hiyo hiyo, na hospitali nenda na kopo lenyewe.

"Zinamaliza mcharuko wote mwilini," yaani uvimbe na maumivu ya ndani. Hapana. Kwa magoti yaliyosagika, baadhi ya majaribio yameonyesha maumivu kupungua kiasi, ila mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Mwenye baridi yabisi asithubutu kuacha methotreksati, dawa inayozuia ugonjwa huo kula viungo, kwa ajili hiyo. Maumivu yanaweza kutulia huku kiungo kinaendelea kuliwa.

"Maabara imethibitisha." Kwenye kisahani seli huogeshwa kwa kukumini nyingi kuliko inayofika kwenye damu yako.

Na mwenye mawe ya nyongo asiziguse: kukumini hukaza kifuko cha nyongo.

Kila ukimwona daktari, taja kila unachomeza, na kopo uende nalo. Yule mama nimemtuma akapime INR kabla hajarudi nyumbani.