Barua taka inayoonekana umejitumia mwenyewe

Barua pepe taka yenye anwani yako kwenye sehemu ya mtumaji, mara nyingi haikupita kabisa kwenye akaunti yako. Anwani imeandikwa tu. SMTP, utaratibu unaosafirisha barua pepe tangu 1982, haukuundwa kumhoji mtumaji kama anwani aliyojiandikia ni yake. Tena kila barua ina anwani mbili za mtumaji: ya bahasha, ambayo seva hupeana zinapopokezana barua, na ya ndani, kwenye mstari wa From, ambayo ndiyo unayoiona kwenye simu. Si lazima zifanane.

Matapeli huipenda anwani yako kwa sababu inatisha. Tangu 2018 zimezagaa barua za mtu anayedai amedukua kompyuta yako, amekurekodi kwa kamera na anataka alipwe kwa bitcoin. Ushahidi wake ni kwamba barua "imetoka kwenye akaunti yako". Akitaja nenosiri lako la zamani, huwa kalitoa kwenye data iliyovuja ya tovuti fulani.

Kuhakiki, fungua barua hiyo kwenye kompyuta. Katika Gmail, bofya vitone vitatu pembeni mwa ujumbe, kisha chagua kuona ujumbe asilia. Juu utakuta SPF, DKIM na DMARC. SPF huangalia kama seva iliyotuma imeruhusiwa na kikoa, yaani sehemu inayofuata alama ya @. DKIM ni sahihi ya kidijitali ambayo kikoa huitia kwenye barua. Lakini usidanganywe na SPF iliyosoma PASS: yenyewe hukagua bahasha, na tapeli anaweza kuweka kikoa chake halali hapo huku ndani kabandika jina lako. DMARC ndiyo inayodai kikoa kilichothibitishwa kilingane na cha kwenye From.

DMARC ikisoma FAIL kwa barua usiyoituma, anwani imeghushiwa, na kubadili nenosiri hakutaizuia. Iripoti kuwa taka, usijibu, usilipe. Usiifungie anwani yako mwenyewe, maana hata nakala unazojitumia zitaishia kwenye taka.

Hali ni nyingine kabisa ukiikuta barua hiyo kwenye folda ya zilizotumwa, au vipimo vyote vitatu vikisoma PASS. Hapo chukulia kwamba kuna mtu ndani. Badili nenosiri, toa vifaa vyote kwenye akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, halafu kagua mipangilio ya kusambaza barua na vichujio. Wengi husahau hili la mwisho, na mwizi huendelea kupokea nakala hata baada ya nenosiri kubadilishwa.

Wenye kikoa chao, kama ofisi au duka, waweke rekodi ya DMARC kwenye DNS, yaani orodha ya mipangilio ya kikoa: waanze na p=none (barua zisizuiwe) wasome ripoti, kisha p=quarantine (zipelekwe kwenye taka), mwishowe p=reject (zikataliwe). Wakirukia reject moja kwa moja, ankara zinazotumwa kwa jina lao na programu ya uhasibu ambayo hawajaiidhinisha zinaweza kukataliwa. SPF nayo iwe rekodi moja tu. Zikiwa mbili, ukaguzi wake hutoa hitilafu.