Tunavyokosea kuhusu 日, kanji ya jua na siku

Ukishamaliza hiragana na katakana, herufi za Kijapani zinazoandika sauti tu, 日 ni miongoni mwa kanji, yaani herufi zenye maana zilizotoka Uchina, za kwanza utakazokutana nazo. Watoto wa Japani huisoma darasa la kwanza. Hata hivyo, kuna dhana nne potofu kuihusu.

"Kila kanji ina sauti moja." Dhana hii ndiyo huwakatisha watu tamaa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. 日 ikisimama peke yake, kwa maana ya jua au siku, husomwa *hi*. Katika 毎日, kila siku, inakuwa *nichi*: mainichi. Katika 休日, siku ya mapumziko, ni *jitsu*: kyūjitsu. Nichi na jitsu zilitoka Uchina kwa nyakati tofauti; hi ni neno la Wajapani wenyewe. Kisha tazama 日曜日, Jumapili: nichiyōbi. Herufi ni ile ile, mwanzoni nichi, mwishoni bi.

Tarehe nazo zina mambo yake. Tarehe 2 ni 二日, futsuka. Tarehe 3 ni 三日, mikka. Na 一日? Ukitaja muda wa siku moja, soma ichinichi. Ukitaja tarehe, soma tsuitachi. Mswahili asishangae: nasi twasema "siku moja" lakini "tarehe mosi". Tsuitachi asili yake ni tsuki, mwezi, na tachi, kuanza kutokea. Anayengoja mwezi uandame aanze kufunga ataielewa mara moja.

Ndiyo maana nawasihi wanaoanza: msikariri orodha ya sauti. Karirini maneno mazima. 今日, leo, husomwa kyō, na huwezi kuipasua ukasema sauti hii ni ya herufi ipi.

"Kanji ni picha tu." 日 kweli ilianza kama picha: duara lenye alama katikati. Lakini kanji nyingi huunganisha sehemu ya maana na sehemu ya sauti. Katika 時, wakati, 日 inabeba maana, na 寺, hekalu, inatoa sauti ji. Hata 東, mashariki, inayosimuliwa kuwa jua nyuma ya mti, maumbo yake ya kale yanafanana na mfuko uliofungwa pande mbili. Hadithi ya mti inasaidia kukumbuka, basi itumie kwa hilo tu.

"Ina mistari mitano." Jicho huona mitano, kalamu huvuta mara nne: upande wa kushoto; juu na kulia kwa mvuto mmoja; katikati; mwisho chini. Ukizidisha mmoja ndani umeandika 目, jicho. Ukiweka kistari kidogo juu, 白, nyeupe.

"Nippon ni makosa, sahihi ni Nihon." 日本, asili ya jua, husomwa kwa njia zote mbili. Noti za yeni zenyewe zimeandikwa NIPPON GINKO, yaani Benki ya Japani.