Kabla ya Kuuliza Ni Kitu Gani, Uliza Kilikuwa Umbali Gani

Jumanne, tarehe 24 Juni 1947, mfanyabiashara Kenneth Arnold wa Boise, Idaho, alikuwa peke yake katika ndege yake ndogo karibu na Mlima Rainier, kaskazini-magharibi mwa Marekani, akitafuta mabaki ya ndege ya kijeshi iliyopotea. Ghafla akaona mmweko wa mwanga, kisha vitu tisa vikiruka kwa msururu kuelekea kusini, vikipita kwenye vilele vya milima.

Alichofanya hapo ndicho kinachonifanya nimheshimu shahidi huyu. Alifungua dirisha ili ahakikishe si mwanga unaorudishwa na kioo. Akatazama saa ya kwenye dashibodi: kutoka Mlima Rainier hadi Mlima Adams vilitumia dakika 1 na sekunde 42. Alipopiga hesabu, akapata zaidi ya kilomita 2,600 kwa saa. Kasi hiyo inazidi ile ya sauti, na Chuck Yeager, rubani wa kwanza kuthibitishwa kuipita kasi ya sauti, alifanya hivyo baadaye, Oktoba mwaka uleule.

Magazeti yakavibatiza jina la visahani vinavyoruka, na ripoti nyingine zikamiminika. Jeshi lilitaka kujua kama kuna taifa lenye ndege za aina hiyo. Mwezi Julai maofisa wawili wa ujasusi wa kijeshi walimfuata Boise wakamhoji, wakaondoka wameridhika kwamba kweli aliona alichosema ameona. Hata hivyo jalada lake, lililokuja kuhifadhiwa katika Mradi Blue Book wa jeshi la anga, uliochunguza ripoti za vitu visivyotambulika angani, lilifungwa kwa jibu moja: mazigazi, yaani taswira za uongo zinazoletwa na mwanga kupindwa na hewa.

Wapo wanaoona njama katika tofauti hiyo. Mimi naona maswali mawili yaliyochanganywa. Kama mtu ni mkweli, hilo ni swali moja. Kama vipimo vyake vinakubaliana vyenyewe kwa vyenyewe, ni jingine kabisa. Hili la pili lilishikwa na J. Allen Hynek, mwanaastronomia aliyekuwa mshauri wa jeshi.

Arnold alikadiria kwamba vitu vile vilikuwa umbali wa kilomita 32 hadi 40, kila kimoja kikiwa na urefu wa mita 15 hivi. Sasa, kitu cha mita 15 kilichoko kilomita 37 huonekana kidogo kama kiberiti kilichowekwa kwenye goli la upande wa pili wa uwanja wa mpira. Pengine utajua kwamba kuna kitu, lakini umbo lake hutaweza kulieleza. Arnold alilieleza. Basi ama vilikuwa vikubwa kuliko alivyodhani, ama vilikuwa karibu zaidi. Vikiwa karibu, kasi inaporomoka: kwa umbali wa kilomita 10, hesabu ileile inatoa kama kilomita 700 kwa saa, mwendo ambao jeti za kivita za wakati huo ziliumudu.

Hilo halithibitishi kwamba zilikuwa jeti. Jicho hupima pembe tu, na umbali ukikosewa, ukubwa na kasi hukosewa pamoja nao. Kwa maoni yangu, mazigazi lilikuwa jibu la haraka mno. Mradi wenyewe, hadi kufungwa mwaka 1969, ulikusanya ripoti 12,618, na 701 kati yake zilibaki bila maelezo.

Kwa hiyo ukiona kitu usichokitambua angani, usianze kwa kukisia kasi yake. Andika saa na upande kilikotokea. Nyosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi hiyo ni takriban nyuzi 10 za anga. Kilivuka ngumi ngapi, kwa sekunde ngapi? Zaidi ya yote, angalia kimepita mbele au nyuma ya nini, iwe wingu, mnara au kilima. Kikipita mbele ya kilima, kilima hicho kiko kwenye ramani, na mchunguzi tayari ana umbali ambao kitu hicho hakingeweza kuuzidi.