Kitanda Janja Hakijui Usingizi Wako Kumshinda Mkeo

"Daktari, kitanda kinasema sina usingizi mzito." Hapa Kigoma, kwenye kliniki ya presha na sukari, nimeisikia kauli hii mpaka imenichosha. Mwanzoni zilikuwa saa za mkononi. Siku hizi ni godoro lililoagizwa Dubai, au mkeka wa vihisi ambao mtu ameletewa na kijana wake aliyeko ughaibuni. Unatandikwa chini ya godoro, unaunganishwa na simu, na asubuhi unatoa maksi kama mwalimu wa hesabu: 62 kwa 100. Mtu ameamka mzima, amekunywa chai na maandazi, anafungua simu, anakuta 62, na hapo ndipo anaanza kuumwa.

Sina ugomvi na vitanda vyenyewe. Vina kazi yake, na nitaisema. Ugomvi wangu ni na haya yanayoaminiwa.

"Kitanda kinauona usingizi mzito"

Hakiuoni. Usingizi mzito ni habari ya ubongo. Ili kuupima tunabandika waya kichwani na kusoma mawimbi ya umeme wa ubongo, tunaongeza waya pembeni mwa macho na kidevuni, mikanda kifuani na tumboni, kipima pumzi puani, kibano cha oksijeni kidoleni. Kisha mtaalamu anaupitia usiku mzima kwa vipande vya sekunde 30, na kila kipande anakipa daraja lake. Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, walioutangaza usingizi wa macho kuchezacheza, ule wa ndoto, mwaka 1953, nao walitumia waya. Kitanda chako hakijakubandika hata mmoja.

Kilicho nacho ni kihisi cha mgandamizo. Moyo ukisukuma damu, mwili mzima unatikisika kidogo sana, wewe mwenyewe huhisi. Kifua nacho kinapanda na kushuka. Kihisi kinanasa mitikisiko hiyo, programu inahesabu mapigo, pumzi na mara ulizojigeuza, halafu inakisia: mapigo yametulia, pumzi zimenyooka, hajigeuzi, basi huyu yuko kwenye usingizi mzito. Mapigo na pumzi inavipata vizuri, sikatai. Kwenye kujua nani yuko macho ina udhaifu mkubwa, kwa sababu mtu aliyejilaza kimya akitazama dari inamhesabu amelala. Na mwenye ugonjwa wa kukosa usingizi ndiye hasa anayejilaza kimya akitazama dari. Ikifika kwenye kugawanya usingizi mwepesi, mzito na wa ndoto, hapo ndipo inakosea zaidi.

Sasa kipeleke kitanda hicho kwenye nyumba zetu. Baba huku, mama huku, mtoto wa miaka miwili katikati, amelala kimshazari. Mtoto akirusha teke saa nane usiku, kitanda kitaandika kuwa ameamka nani?

Mfanyabiashara mmoja alinifungulia simu mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa buluu iliyokolea. Usingizi mzito, dakika 51. Alitaka kujua pungufu ni kiasi gani. Kwa mtu mzima usingizi mzito huwa takriban asilimia 13 mpaka 23 ya usiku, na unapungua kadiri umri unavyosogea. Yeye kavuka hamsini, na usiku huo alilala kwa muda wa saa sita. Dakika 51 ni asilimia 14. Yaani hata tukikubali kwamba kitanda kimesema kweli, ugonjwa haupo. Hakunisikia. Alikuwa amekuja kuchukua dawa, na kumbe diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, alishaanza kumeza, kanunua dukani bila cheti.

Hapa huwa napandisha sauti. Diazepam na wenzake wanapunguza usingizi mzito! Unasinzia haraka, ndiyo, lakini yale mawimbi makubwa ya polepole unayoyatafuta yanafifia. Zaidi ya hapo zinalegeza misuli ya koo, na mwili ukizizoea, kuziacha ghafla ni balaa. Kibaya zaidi ni kwamba kitanda kinaweza kukuongezea maksi, kwa kuwa hujajigeuza usiku kucha.

Mkewe alikuwa ameketi pembeni, mkoba mapajani, kimya. Nikamuuliza, "Mama, baba huyu analalaje?" Akacheka kidogo. "Daktari, anakoroma mpaka watoto chumba cha pili wanasikia. Halafu ghafla kimya. Namsukuma, anashtuka, anavuta pumzi kama katoka kuzama ziwani." Presha ya bwana huyo haishuki kwa dawa tatu. Shingo imepita sentimita 40. Mchana anasinzia dukani, usiku anaamka kukojoa. Na ile simu, kwenye sehemu ya kupumua, ilikuwa imeweka alama ya kijani.

Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, ikajirudia mara 5 na kuendelea kwa saa, tunaanza kusema habari ya ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Ikifika mara 30 ni ugonjwa mkali, na mtu wa namna hiyo kumpa diazepam ni kumchimbia shimo. Ni kweli baadhi ya vifaa vimeanza kuruhusiwa kutoa tahadhari. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliiruhusu saa ya Apple kufanya hivyo Septemba 2024. Lakini kilichoruhusiwa ni kukushtua uende hospitali. Hakuna aliyeruhusu kifaa kikuambie u mzima. Kikinyamaza, bado mkeo anajua anachokisikia.

Tatizo hili halikuanzia Kigoma. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliipa jina la othosomnia hali ya mtu kuufukuzia usingizi wa kwenye kifaa mpaka anakosa usingizi wenyewe. Kuna mgonjwa wao aliyepimwa maabara kwa waya zote, akaonekana analala usingizi mzito, na bado akauliza kwa nini basi kifaa kinasema analala vibaya. Nilipolisoma hilo nilijiona niko kliniki kwetu.

"Ukiinua kitanda upande wa kichwa, kukoroma kumekwisha"

Kelele zinapungua kwa baadhi ya watu, na kiungulia kinapoa. Koo linaloziba linaweza kuendelea kuziba. Ugonjwa ukiwa mkali tiba yake ni mashine ya kusukuma hewa puani, ile aliyoionyesha Colin Sullivan kule Sydney mwaka 1981, pamoja na kupunguza uzito na kuacha bia za jioni.

"Kinatoa mionzi ya saratani"

Bluetooth ya kitanda ni dhaifu kuliko simu uliyoiweka chini ya mto. Tuendelee.

"Nikiwa na malaria kitaniambia"

Hapa pana ukweli kidogo, na ndipo ilipo faida yenyewe. Homa inapandisha mapigo na pumzi, na kitanda kinachokufahamu kwa wiki nyingi kinaweza kuona kwamba usiku huu moyo wako unakwenda mbio kuliko kawaida yake. Mwenendo wa wiki nyingi una maana, maksi za usiku mmoja hazina. Lakini malaria, nimonia na konyagi za jana vyote vinapandisha mapigo, na kitanda hakina damu yako ya kupima. Nenda kapime. Na ulale ndani ya chandarua, hata kama kitanda ni cha mamilioni.

"Usingizi mzuri ni wa usiku, wa muda wa saa nane kamili"

Waambie hayo vijana wa dagaa wa Kibirizi na Katonga. Wanaingia ziwani jioni na taa zao, wanarudi asubuhi, wanalala mchana, na mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika na kulala usiku. Programu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa ofisini. Mvuvi zitamfelisha kila siku ya Mungu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, wengine zinawatosha hizo, wengine wanataka tisa. Mvuvi namshauri pazia zito na chumba kisicho na redio.

Wengine wote nawang'ang'aniza jambo moja, na wagonjwa wangu wanalijua mpaka wananitania: amka muda uleule, hata Jumapili, kisha toka nje upate mwanga. Hapa kwetu magharibi jua linachomoza karibu saa moja asubuhi, zaidi ya nusu saa nyuma ya Dar es Salaam, ilhali saa ya ukutani ni moja nchi nzima. Anayeamka saa kumi na moja kuwahi gari la Kasulu anaamka gizani kabisa, na mwili wake bado unahesabu usiku. Huyo kitanda kitamlaumu bure. Andika kwenye daftari, wiki mbili, ulipopanda kitandani, ulipoamka, na mchana ulijisikiaje. Daftari la shule linatosha, na mimi nitalisoma haraka kuliko grafu zako.

"Nimekinunua, basi ni changu"

Godoro ni lako. Programu, seva na mara nyingi ada ya kila mwezi ni za wengine. Oktoba 20, 2025 huduma za seva za Amazon zilipoyumba, wenye vitanda janja vya kampuni ya Eight Sleep walibaki wanalalamika: wengine vimewachemsha, wengine vimeganda vikiwa vimeinuka, kwa sababu amri za kitanda zilikuwa zinapitia mtandaoni. Hiyo ni kwa watu ambao umeme haukuwa umekatika.

Taarifa zako nazo zinasafiri: umelala saa ngapi, moyo unadundaje, kitandani mlikuwa wangapi. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini seva ikiwa nchi ya mbali, kufuatilia haki yako ni safari ndefu. Kwa hiyo kabla hujalipa muulize muuzaji taarifa zinahifadhiwa wapi, zinafutwaje, na umeme ukikatika au bando likiisha kitanda kinaendelea kufanya nini. Akibabaika, pesa hiyo inatosha godoro zuri, pazia zito na chandarua kipya, na chenji inabaki.