Hasira isiyo na tarehe

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea rasimu ya makala, kurasa nne zimejaa mpaka pembeni. Nimezoea kusoma nikiwa na kalamu mkononi, basi nikahesabu: "dhuluma" mara 11, "mtu mweusi" mara 23. Siku haikutajwa. Mahali hapakutajwa.

"Mwanangu, hii ilitokea lini?"

"Mama, hii ni kila siku."

Nimehariri makala na barua za wasomaji hapa Dar es Salaam kwa miaka 19, na maandiko mengi ya kutetea haki za watu weusi yanayopita mezani kwangu yana ugonjwa huohuo. Hasira ipo, tena ya haki kabisa, ila haina pa kukanyagia. Anayekubaliana nawe atatikisa kichwa na kupita zake. Unayemlalamikia atasema "si sisi hao", na hutakuwa na la kumjibu.

Nikamwagizia chai, nikamwambia anisimulie kwa mdomo. Kumbe nyuma ya kurasa zote nne kulikuwa na kisa kimoja. Jumamosi, saa tisa alasiri, alikwenda kumwona rafiki yake aliyekuwa kwenye semina katika hoteli moja ya ufukweni. Getini akasimamishwa: kitambulisho, unakwenda kwa nani, namba yake ya simu, jaza kitabu. Akiwa ameinama anajaza, magari mawili yenye wazungu yakaingia. Mlinzi aliinua geti, akapiga na saluti. Hakuna hata neno moja la haya kwenye rasimu! Alikuwa ameyaona madogo mno kwa mada kubwa.

Katika warsha zangu mfano ninaoupenda kuliko yote ni Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi wa Marekani. Alizaliwa utumwani Mississippi mwaka 1862. Mwaka 1892, akiwa mhariri na mmiliki mwenza wa gazeti huko Memphis, rafiki zake watatu walitolewa jela na kundi la wazungu wakapigwa risasi. Walikuwa na duka la vyakula, na duka hilo lilikuwa linamnyang'anya wateja mzungu mwenye duka jirani. Enzi hizo mtu mweusi akiuawa namna hiyo, kisingizio kilichokuwa tayari ni kwamba alibaka mwanamke mzungu, na hata watu wema walimeza. Wells akaandika gazetini kwamba uongo huo umechakaa. Mei mwaka huohuo ofisi yake ikavunjwavunjwa yeye akiwa safarini, na hakurudi tena kuishi Memphis.

Ninapokaa sana darasani ni kwenye kilichofuata. Akiwa kaskazini mwa Marekani, gazeti lake la Memphis limekwisha, alianza kuhesabu. Alichukua orodha za mauaji zilizochapishwa na Chicago Tribune, gazeti la wazungu, akazipanga: jina, tarehe, mahali, tuhuma. Ikaonekana kwamba wengi wa waliouawa hawakuwa hata wametuhumiwa kubaka. Walikuwemo waliouawa kwa kumjibu mzungu kwa ufidhuli, basi. Na kwa kuwa hesabu ilitoka kwenye karatasi za wazungu wenyewe, ilikuwa vigumu kusema mwanamke huyu mweusi ametunga.

Hapa kwetu mfano upo, ingawa unasomwa kidogo kuliko unavyostahili. Serikali ya kikoloni ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Mambo Leo, tangu 1923. Mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka hapa mjini, mzaliwa wa Uganda, akaanzisha lake mwenyewe akaliita Kwetu. Jina lenyewe ni hoja. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kama mpaka. Mwafrika kuuita mji huo "kwetu" kwenye karatasi inayouzwa mtaani halikuwa jambo dogo. Miaka 110 kabla yake, kule New York, Samuel Cornish na John Russwurm walianzisha Freedom's Journal, gazeti la kwanza Marekani kumilikiwa na watu weusi, na toleo la kwanza lilieleza sababu: wengine wamewasemea muda mrefu mno.

Kujisemea kuna bei, na vijana wangu hawapendi nikifika hapa. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa Dar kwa maandishi yake katika Sauti ya TANU, kwamba amewakashifu mabwana shauri, yaani wakuu wa wilaya, wawili wa Kiingereza. Faini shilingi 3,000 au miezi 6 jela. Faini ikalipwa. Ile ilikuwa mahakama ya mkoloni, na sina haja ya kuitetea, lakini hata ya leo itakuuliza: sentensi hii unaithibitishaje? Ndiyo maana nilimwambia kijana jina la hoteli likae pembeni kwanza. Katiba nayo, Ibara ya 13 inakataza ubaguzi na inataja rangi waziwazi. Iwekee sentensi moja uendelee, makala isije ikawa mhadhara.

Tulibishana zaidi kuhusu mlinzi. Rasimu ilimwita kibaraka. Mlinzi yule ni mweusi kama sisi, amesimama juani kwa muda wa saa kumi na mbili, na sidhani kama ni yeye aliyebuni utaratibu wa kuchuja watu kwa ngozi. Yupo aliyemwelekeza, au aliyeona na kunyamaza kwa sababu kulimfaa. Makala imtafute huyo. Nilikata "kibaraka", kijana akanuna, nikamwacha anune.

Kisha nikamwuliza kitu ambacho tangu mwanzo kilikuwa kinaniwasha.

"Kitabu ulichojaza, majina ya juu yako yalikuwa ya akina nani?"

Akafikiri. "Yalikuwa kama kumi hivi, Mama. Ya kwetu tu."

"Hakuna la mzungu?"

"Hakuna."

"Na tarehe?"

"Ipo. Kushoto. Na saa ya kuingia."

Hotelini kulikuwa na wazungu tele mchana ule. Wawili-watatu aliwaona kwa macho yake wakiingia. Kitabu ni cha hoteli, mistari imepigwa na hoteli, kalamu imefungwa kwa uzi wa hoteli. Akavuta zile kurasa nne, akazigeuza upande usioandikwa, akaanza: "Jumamosi, saa tisa alasiri, niliandika jina langu kwenye kitabu cha getini, chini ya majina kama kumi ya Watanzania wenzangu."