Turbo ya lori lako: kabla ya kununua nyingine, angalia oili

Dereva wa lori la dizeli anayepanda kutoka Nakuru kwenda Eldoret anaijua Timboroa. Pale juu, takriban mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu robo. Na dizeli haiungui bila hewa: kilo 1 huhitaji kilo 14 na zaidi. Ndiyo maana injini isiyo na turbo huchoka mlimani. Ukizidi kukanyaga mafuta, unaongeza moshi mweusi tu.

Turbo hutumia nguvu ambayo ingepotelea hewani. Moshi moto wa ekzosi huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, na gurudumu hilo limefungwa kwenye shafti moja na jingine linalovuta hewa kutoka kwenye filta na kuishindilia kwenye silinda. Hewa ikishindiliwa hupata joto, kwa hivyo injini nyingi huipoza kwanza kwenye intakula. Wazo lenyewe ni la zamani: Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza yake mwaka wa 1905.

Tatizo liko kwenye shafti. Inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Ukimaliza mlima na kuzima injini papo hapo, pampu ya oili inasimama wakati turbo bado ina moto mkali. Oili iliyobaki ndani huungua na kuganda kuwa masizi magumu. Iache injini ingurume taratibu dakika 2 au 3. Ila kama umetambaa kwenye msongamano wa mjini kabla ya kuegesha, turbo imeshapoa. Kusubiri zaidi ni kuchoma mafuta bure.

Nguvu ikipungua, usiilaumu turbo upesi. Moshi mweusi mara nyingi ni paipu ya hewa iliyochanika, klipu iliyolegea au filta iliyojaa vumbi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, mwambie fundi afungue paipu ya hewa ashike ncha ya shafti. Kucheza kidogo kando ni kawaida. Akihisi inaingia na kutoka, au mapanga yamekwaruza kasha, hiyo imekwisha.

Lakini aichunguze paipu ya oili pia. Turbo mpya ikifungwa kwenye paipu ileile iliyoziba itakufa kama ya kwanza, tena upesi zaidi.