Je, wajua? Bando kubwa haliondoi kukwama kwa miwani ya VR

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Bagamoyo akiwa amekasirika. Alijichanga miezi kadhaa, akanunua miwani ya VR (uhalisia pepe) aina ya Quest 2 ya mtumba, akaiunganisha bila waya na kompyuta yake ya gemu, na picha ikawa inaganda kila baada ya dakika mbili tatu. "Mjomba, nimeongeza bando mara mbili. Nimenunua hadi la mwezi mzima, na bado inakwama vilevile."

Nikamwuliza kompyuta iko wapi. Chumbani. Na wewe unachezea wapi? Humo humo chumbani. Sasa bando linaingiaje hapo?

Kimya.

Si yeye peke yake. Tumezoea kwamba kitu kikikwama dawa ni kuongeza MB, maana video za kwenye simu ndivyo zilivyotufunza. Lakini picha unayoiona ndani ya miwani ya uhalisia pepe iliyounganishwa na kompyuta haitoki kwenye mnara wala ng'ambo. Inachorwa na kadi ya picha ya kompyuta iliyo mita mbili kutoka ulipo, inakwenda kwenye ruta, inaruka hewani mpaka machoni pako. Inaanzia nyumbani na kuishia nyumbani. Fanya hesabu uone: mtiririko wa megabiti 150 kwa sekunde, ambao kwa mchezo huu ni wa kawaida tu, ukiendelea kwa saa moja unafikia gigabaiti 67 na ushee. Ingekuwa zinapita kwenye laini, bando la mwezi lingeisha kabla jasho halijamtoka. Nilipofika kwake kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchomoa laini ya simu kwenye ruta akiwa katikati ya mchezo. Picha ikaendelea. Ilikwama, ndiyo, lakini kwa kiasi kile kile ilichokuwa ikikwama tangu asubuhi.

Basi kama si intaneti, ni nini?

Kwanza tuelewe kwa nini miwani hii ina haraka kuliko televisheni. Video ya kawaida inajiwekea akiba: simu inapakua sekunde kadhaa za mbele, kwa hiyo mtandao ukiyumba kidogo wewe hujui. Kwenye VR akiba haiwezekani, kwa sababu picha inayofuata inategemea utakapogeuza kichwa, na hilo hata wewe hujaliamua bado. Miwani inatuma habari za kichwa na mikono, kompyuta inachora, inaibana picha, inaituma, miwani inaifumua na kuionyesha. Kwa fremu 90 kwa sekunde, yaani picha 90, kila fremu ina milisekunde 11 tu kabla ya nyingine kudai nafasi yake.

Tena picha yenyewe ni nzito. Kioo cha Quest 2 kina nukta 1832 kwa 1920 kwa kila jicho. Macho mawili, rangi zote, fremu 90: hiyo ni gigabiti 15 kwa sekunde ikiwa haijabanwa. Hakuna ruta ya nyumbani inayobeba mzigo huo hewani, kwa hiyo kompyuta inaubana mpaka ubaki kama sehemu moja ya mia. Kubana kunakula muda, na kufumua nako kunakula muda. Ukijumlisha yote, mfumo usio na waya uliokaa vizuri unachelewa milisekunde 40 hadi 60 hivi tangu usogeze mkono mpaka uone umesogea.

Milisekunde 50 ni nini? Siku kukiwa na ngoma kule TaSUBa, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, simama mita 17 kutoka kwa mpigaji. Mlio unakufikia milisekunde 50 baada ya kiganja kugusa ngozi. Masikio yanavumilia. Macho yaliyofungiwa ndani ya miwani hayavumilii hivyo, na sababu wavuvi wa hapa wanaijua kwa njia nyingine. Ukijifungia chini kwenye tumbo la jahazi, sikio la ndani linahisi mawimbi lakini macho yanaona mbao zilizotulia, na moyo unachafuka. Kwenye VR ni kinyume chake: macho yanaona mwendo, mwili umesimama. Ubongo haupendi ugomvi huo. Kichwa kikigeuka na dunia ikachelewa kugeuka nacho, ugomvi unazidi.

Miwani ina ujanja wake wa kuficha hilo. Fremu mpya ikichelewa, inachukua ile ya mwisho na kuizungusha kufuata kichwa chako ili dunia isigande kabisa. Ndiyo maana wakati mwingine unapogeuka haraka unaona ukingo mweusi pembeni: picha imezungushwa, na pale pembeni hakuna kilichochorwa bado. Ujanja huo unafaa kwa kichwa. Kwa mkono ulioshika upanga haufai sana, maana mkono hauwezi kukisiwa kwa kuzungusha picha.

Sasa tuje kwenye hewa, ambako ndiko kulikokuwa na ugonjwa wa mpwa wangu.

Kompyuta yake nayo ilikuwa kwenye Wi-Fi. Nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaandika ping, amri inayopima muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kisha anwani ya ruta, na alama ya kuendelea bila kukoma. Namba zikaanza kushuka, zote milisekunde: 3, 2, 4, 3, 2, 121, 87, 3, 2. Ukipiga wastani utasema si mbaya, na kipimo cha kasi kitakusifia. Lakini ile 121 peke yake ni fremu 11 zilizopotea, na hapo ndipo picha inapoganda. VR haijali wastani. Bora mtandao unaochelewa milisekunde 8 kila mara kuliko unaochelewa 2 kisha ghafla 100.

Zinatoka wapi namba hizo? Wi-Fi ni bomba moja la maji la mtaa mzima. Katika chaneli moja anasema mmoja tu kwa wakati mmoja. Kila chombo kinasikiliza kwanza, kikisikia kuna anayesema kinasubiri, wakigongana wote wanarudia. Na pale bombani anayechelewesha foleni si lazima awe mwenye madumu mengi; mara nyingi ni yule aliyekuja na dumu la mdomo mwembamba. Simu iliyo mbali uani, yenye alama moja ya mtandao, inazungumza polepole sana ili ruta iisikie, kwa hiyo picha moja ya WhatsApp inaishikilia hewa muda mrefu kuliko picha hiyo hiyo ikitumwa na simu iliyo karibu. Miwani yako inasubiri.

Kompyuta ikiwa kwenye Wi-Fi, kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inapanga foleni mara mbili: kutoka kompyuta kwenda ruta, kisha kutoka ruta kwenda miwani, bomba ni hilo hilo. Kwa hiyo dawa ya kwanza, na mimi ningesema ni nusu ya dawa yote, ni kuiunganisha kompyuta na ruta kwa waya. Isiyo na waya ni miwani peke yake. Watu wananunua ruta yenye antena nane kama kaa kabla hawajanunua waya wa mita tano. Sielewi.

Waya nao una hila yake, na hapa naomba uvumilivu kidogo kwa sababu ndiyo iliyokula jioni yetu nzima. Tuliweka waya wa zamani aliokuwa nao, ping ikatulia kabisa, picha ikaendelea kukwama. Nikaenda kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta kutazama kasi ya muunganisho: megabiti 100. Mtiririko ni 150. Unamimina ndoo kwenye mrija. Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi nane. Kasi ya gigabiti 1 inazihitaji zote nane, ila 100 inaridhika na nne. Uzi mmoja ukikatika au kichwa kikibanwa vibaya, mara nyingi vyombo havilalamiki, vinashuka tu kimyakimya hadi 100. Kichwa cha waya ule kilikuwa kimeota kijani kwenye pini. Chumvi. Nyumba iko hatua chache kutoka ufukweni na waya ulikaa miaka mitatu sakafuni. Nilikata, nikabana kichwa kipya, ikabaki 100 vilevile, maana matundu ya ruta yake ya laini yenyewe yalikuwa ya 100. Ruta nyingi za bei nafuu ziko hivyo. Kabla ya kununua soma chini ya boksi: unatafuta neno gigabiti, au namba 1000. Waya wa Cat5e unatosha.

Kuhusu masafa nitasema kwa ufupi. GHz 2.4 iachie simu na televisheni: ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na humo humo mna Bluetooth na oveni za maikrowevu. VR inataka GHz 5, upana wa chaneli MHz 80. Chagua chaneli za 36 hadi 48. Zile za katikati, 52 mpaka 144, katika nchi nyingi zinatumiwa pia na rada, na ruta ikidhani imesikia rada inalazimika kuhama chaneli hapo hapo, uwe unapigana au hupigani.

Sasa kuta. Nyumba ya dada yangu ni ya zamani, upande wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa nzima. Mtandao wa GHz 5 ukifika kwenye ukuta kama huo unaishiwa nguvu, hasa masika mawe yanapokuwa yamenyonya unyevu. Ruta ilikuwa sebuleni. Kutoka pale hadi chumbani kuna kuta mbili, na mpwa wangu alikuwa ameanza kuulizia bei ya ripita. Nikamkataza. Ripita inapokea hewani na kurudia hewani. Umeongeza foleni nyingine pale pale bombani.

Kwani tuupige vita ukuta? Mtu wa Ngamiani kule Tanga, nyumba zimebanana na kuta za ndani haziishii kwenye bati, anasikia Wi-Fi ya majirani kumi kama anavyosikia redio zao. Chumba cha matumbawe ni kinyume: kinachozuia mtandao wako usitoke kinazuia pia wa jirani usiingie. Ukiweka ruta ndani ya chumba hicho hicho unachochezea, GHz 5 yote ni yako. Nilipopima kwa simu nikiwa katikati ya chumba, mlango umefungwa, kwenye GHz 5 sikuona jina la mtu mwingine yeyote. Waliojenga walikuwa wakikimbia joto, na hawakujua wanatujengea chumba cha VR. Hata upana unafaa. Vyumba hivi viliezekwa kwa boriti za mikoko na boriti haiendi mbali, hivyo vingi vina upana unaokaribia mita 3. Mchezo wa kutembea unataka nafasi ya mita 2 kwa 2.

Tulichofanya mwishoni hakikuwa cha gharama kubwa. Tulinunua ruta ya pili, ya Wi-Fi 6, yenye matundu ya gigabiti, isiyo ya laini. Haina intaneti kabisa. Kompyuta imeingia humo kwa waya, miwani kwa GHz 5, na hakuna kingine kinachojua nywila yake. Kompyuta ikihitaji intaneti kwa ajili ya kusasisha gemu, inaipata kwa waya wa USB kutoka kwenye simu. Wi-Fi ya kompyuta yenyewe tumeizima. Ruta tumeiweka kwenye kidaka ukutani, pale palipokuwa pa taa, juu ya usawa wa kichwa. Usiiweke chini nyuma ya kompyuta: mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na ukigeuka ukawa umesimama kati ya miwani na ruta unakuwa ukuta mwingine.

Nikarudia ping, safari hii kutoka kompyuta kwenda kwenye miwani, mchezo ukiendelea. Pima ukiwa unacheza, maana miwani ikikaa bure inalaza Wi-Fi yake kubana betri na namba zinadanganya. Zikashuka 4, 3, 5, 4, 4, 3, 6. Tukazitazama dakika kumi nzima, yeye akikata hewa kwa pedi, mimi nikiwa nimejibanza kona ya mlango nisipigwe. Ukingo mweusi haukuonekana tena isipokuwa alipogeuka kwa makusudi kama pia.

Bando la mwezi mzima, lilikuwa limebaki zaidi ya nusu. Dada yangu yuko barazani analimalizia kwa taarabu, kwenye ile ruta ya zamani, GHz 2.4.